Pindo Lililoungua

Machi 3

Leo nimeletewa mtoto. Mtu wa Kituo cha kuunda roboti, aliyemleta, alisema "kifaa", lakini mimi nimeandika mtoto na sifuti. Ametoka ndani ya sanduku la mbao akiwa amekunjwa magoti, na alipojikunjua alikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la nne. Mikono yake ni ya mpira laini, uso ni kioo cheusi chenye taa mbili za rangi ya chai. Kituo kinasema wale waliofundishwa karakanani wanajua kila kitu, ila watu wanawaogopa, kwa hiyo sasa kila mmoja anapelekwa nyumbani kwa watu akalelewe msimu mmoja wa mvua. Mtaa una nyumba nyingi, wamechagua yangu. Sitasema kwa nini. Wenye macho wanaona.

Mvua zikiisha atapimwa. Akifaulu anakwenda hospitali kuwasaidia wagonjwa wanaojifunza kutembea upya. Asipofaulu watamfutia kila alichojifunza kwangu, aanze mwanzo katika nyumba nyingine, na hata sura yangu hataikumbuka. Nikamwambia yule mtu, "Huyo atafaulu. Umeniona mimi ni wa kuleta aibu?" Akaniambia niandike shajara. Haya, naandika, ila nina kazi ya watu mezani, siku nyingine mtapata mstari mmoja.

Niwajulishe nyumba yangu. Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele kinatazama barabara, na humo mna cherehani, meza ya kukatia, pasi na kioo kirefu cha wateja. Wanangu wawili wameshaondoka, wana nyumba zao. Nimebaki na mama mkwe wangu na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Shemeji mtaa mzima wanamwita Kesho, maana umwombe lolote, jibu lake ni hilo.

Mama mkwe alimtazama mgeni juu mpaka chini, akasema, "Ndiye kitinda mimba wako huyu. Umezaa uzeeni, mwanangu." Basi jina likamkaa. Anaitwa Kitinda.

Machi 4

Mvua kutwa. Kitinda ameshinda akitazama mikono yangu.

Machi 6

Amejifunza kuweka kifungo. Mara tatu tu nimemwonyesha. Mwanangu wa kwanza alichukua mwezi, na akajichoma.

Ameniuliza kuhusu pasi. Mimi nina tabia, kabla sijaweka pasi kwenye nguo ya mteja, naigusisha kwanza kwenye pindo la gauni langu nione ukali wake. Ndiyo maana magauni yangu yote ya kazi yana alama za kahawia huku chini. Akauliza, "Kwa nini unaunguza lako?" Nikamwambia bora langu. Taa zake zikafifia kidogo kama mtu anayewaza. Mtu wa Kituo alipotupiga picha siku ya kumleta nilisimama nyuma ya meza ili alama hizo zisionekane. Fundi mwenye pindo lililoungua, watu watasemaje?

Machi 9

Bibi yake, yaani mama mkwe, amemfundisha salamu. Kamwambia mtu mwenye adabu hasalimii akapita, anasubiri ajibiwe. Sasa Kitinda anasubiri jibu hata kwa mbwa wa jirani. Leo wametazamana robo saa.

Machi 10

Mvua. Mbwa amebweka, Kitinda ameridhika.

Machi 15

Nina neno la kusema juu ya shemeji yangu.

Mtoto ameletwa nyumba yenye fundi hodari na bibi mwenye adabu, na yeye kamchagua Kesho. Kesho akitoka, Kitinda nyuma. Kesho anakwenda kukaa kizingitini kwa fundi viatu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anakaa tu. Mguu mmoja ameunyoosha, mwingine ameukunja, na Kitinda pembeni yake vivyo hivyo, mguu huu hivi, mguu huu vile. Nimewapita asubuhi nikienda kununua uzi, nimewapita nikirudi na tena mchana. Hawakuwa hata wakizungumza.

Walipoingia ndani nikasema, "Shemeji, usiniharibie mtoto."

"Sijamfundisha kitu, shemeji."

"Ndicho ninachoogopa hicho."

"Sawa. Nitamfundisha kesho."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka.

Machi 21

Leo nilikuwa na siku nzuri. Alikuja binti anayeolewa mwezi ujao, na mama yake, na kitambaa cheupe cha gauni. Kitambaa cha maana hasa, ukikishika unataka kuomba radhi. Walimwona Kitinda anaweka vifungo, wakashangaa. Nami mnanijua. Nikashika kiuno nikasema, "Vifungo ni mchezo kwake. Huyu anakata na kushona gauni la harusi zima, peke yake. Mtaa huu hakuna mkono mwepesi kama wake, hata wangu unasubiri."

Kukata sijawahi kumfundisha. Lakini yule mama alivyonitazama, jamani, nilijiona mrefu. Taa za Kitinda ziliwaka sana. Nikadhani amefurahi.

Machi 22

Umeme umekatika, ukarudi. Mvua.

Machi 24

Sina hamu ya kuandika, lakini nitaandika.

Asubuhi nilitoka kutafuta uzi wa hariri. Niliporudi, Kitinda alikuwa amesimama mezani na mkasi mkononi, na kile kitambaa cheupe kimekatwa. Nilikunjua vipande kimoja kimoja. Mgongo ulikuwa sawa. Mikono ilikuwa sawa. Vipande vya mbele vilikuwa viwili, na vyote viwili ni vya upande wa kushoto. Mwenye kushona anajua maana yake. Ni gauni la mtu asiye na upande wa kulia.

Nikasema, "Nani kakwambia uguse hiki?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulimwambia mama wa bibi harusi kwamba nakata na kushona gauni la harusi zima peke yangu. Nilikuwa sijui kwamba naweza. Nikafanya."

Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo sikuyasema hata kwa wanangu niliowazaa. Kitinda aliweka mkasi chini taratibu, ncha ikitazama ukutani kama nilivyomfundisha, akaenda kukaa kando ya sanduku lake. Taa moja ikazimika, ikabaki moja.

Baada ya kula mchana simu ililia. Mtu wa Kituo. "Mama, huko kuna nini? Tumepokea taarifa ya hitilafu."

"Imetoka kwa nani?"

"Kwake mwenyewe."

Nikakata simu nikamwendea. Nikamuuliza umesema nini kwa hao watu. Akajibu kwa sauti ndogo, "Nimesema nina hitilafu. Mama alisema naweza. Nimeshindwa. Mama hakosei. Kwa hiyo kilichoharibika ni mimi."

Nilikaa sakafuni, hapo hapo kando ya sanduku.

Kituo wamesema hawatasubiri mvua ziishe. Watampima Aprili 12, hospitalini, na hitilafu ikithibitishwa anafutwa siku hiyo hiyo.

Machi 25

Naendelea na ya jana, maana sikumaliza.

Kitambaa kile kilikuwa cha watu na harusi ni ya watu, nami sikuwa na uso wa kwenda kwao. Nikamwambia shemeji, kwa hasira tu, bila kutarajia lolote, "Nenda kawaambie wewe." Akachukua mwavuli akatoka. Hakusema kesho.

Alirudi jioni, suruali imelowa mpaka magotini. Bibi harusi alikuja nyuma yake, macho yamevimba lakini anacheka. Shemeji aliketi kwao mchana wote. Kwanza walimfokea, akakaa. Wakalia, akakaa. Wakachoka, ndipo akawaambia kilichotokea, kwamba mtoto alimwamini mama yake. Binti akasema, "Fundi, nipe gauni fupi linalofungwa kwa ubavuni. La kitambaa kilichobaki. Mimi mwenyewe sikutaka refu, mama ndiye aliyetaka." Nikampima upya. Kitambaa kitatosha. Nashukuru, na leo namshukuru mtu ambaye sikuwahi kumshukuru.

Halafu mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa kitandani kwake akisikiliza, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mkwe wangu anatia chumvi hata kwenye chai. Nyie mlitaka mtoto ajue vipi?"

Nikamwita Kitinda, nikamweka mbele yangu.

"Mimi nilitia chumvi," nikasema. "Yaani nilisema zaidi ya kweli. Kukata hujui, kwa sababu sijakufundisha. Hujaharibika."

"Kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu nakupenda na mdomo wangu hauna breki."

Akafikiri. Kisha akaanza kunihoji, moja moja, mambo yote niliyowahi kusema juu yake mbele ya watu. Kumbe ameyaweka yote.

"Mtaa huu hakuna mkono mwepesi kama wangu?"

"Chumvi."

"Nilijua kuweka kifungo kwa kuonyeshwa mara tatu?"

"Kweli."

"Kifungo changu hakitoki?"

"Kweli kabisa. Kivute uone."

"Nina akili kuliko mtoto wa mwenye duka la dawa?"

Nikasita. Bibi akakohoa. "Chumvi," nikasema. "Kidogo."

Taa ya pili ikawaka. Akasema, "Basi ya kweli yapo."

Nikampigia mtu wa Kituo nikamweleza yote. Akasikiliza kwa heshima. Akasema taarifa ikishaingia hairudishwi, mkaguzi ndiye atakayeamua.

Machi 29

Nimekata gauni fupi. Kitinda ameshika chaki. Hakugusa mkasi mpaka nilipompa.

Aprili 2

Mvua kubwa. Maji yameingia chumba cha mbele mpaka miguu ya meza. Tumeyatoa kwa ndoo, sisi wanne. Shemeji alianza kabla sijamwambia, nami naandika hapa ili isije ikasemwa siandiki mazuri yake.

Aprili 5

Kuna kitu kipya, na sijui nicheke au nijifiche.

Asubuhi nikiwa kwenye cherehani nilisikia sauti yangu barabarani. Yangu kabisa, ile ninayotumia mteja akisimama mlangoni. Nikatoka. Kitinda alikuwa kizingitini, mkono kiunoni, anawaambia wapita njia: "Mmesikia ya leo? Bibi yangu amepanda ngazi hii ya mlangoni bila kushika ukuta. Mguu wa kulia kwanza. Nimemwona mimi."

Watu wakasimama. Mmoja akasema hongera bibi. Mama mkwe, aliyekuwa ndani, akanung'unika kwamba anatangazwa kama mnada. Saa moja baadaye alitoka tena bila sababu yoyote, akashuka, akasubiri mtaa ujae kidogo, akapanda. Bila ukuta.

Nikamuuliza Kitinda hayo ni nini.

"Najifunza kusifu kama wewe," akasema. "Chumvi siwezi kuipima, kwa hiyo siitii. Natafuta iliyo kweli kwanza, halafu naisema kwa sauti yako."

Aprili 7

Mvua. Leo amemsifu mbwa kwa kujibu salamu.

Aprili 8

Leo kasimama tena kizingitini, mkono kiunoni. "Jamani, baba yangu mdogo amekaa na fundi viatu tangu asubuhi. Na fundi viatu amekula. Amemaliza sahani."

Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa.

Fundi viatu alifiwa na mkewe mvua zilipoanza. Nilikwenda msibani, nilikaa siku ya kwanza, nikarudi kwenye kazi zangu kama watu wote. Sikujua kwamba hakuwa anakula. Sikujua kwamba anakula tu mtu akikaa naye kizingitini, bila kumwambia kula. Mimi nilipita pale na uzi wangu mara ngapi, namhesabia shemeji uvivu.

Jioni nikamwekea shemeji chai kabla ya watu wengine. Akaitazama, akanitazama.

"Kuna nini, shemeji?"

"Kunywa. Ukimaliza nitakuongeza."

"Umeitia chumvi?"

Safari hii nilicheka.

Aprili 11

Kesho ndiyo kesho. Nimempigia pasi kitambaa cha kumfunika mabegani, cha bluu. Nimejaribu pasi kwenye pindo langu kama kawaida. Kitinda ameinama akaitazama alama mpya.

Nikamuuliza, "Unaogopa?"

"Nikifutwa sitajua kwamba nimefutwa," akasema. "Utajua wewe. Hilo ndilo silipendi."

Nikaukaza mshono uliokuwa umekazika tayari.

Aprili 12

Nimesharudi. Nitaandika yote, hata ikichukua kurasa.

Mkaguzi wa Kituo ni mwanamke wa umri wangu, viatu vimelowa, uso haucheki wala haununi. Alituingiza wodi ya wanaume wanaojifunza kutembea. Mimi na shemeji tukaambiwa tukae benchi la mlangoni na tusiseme neno. Mama mkwe alibaki nyumbani, ila alituambia tumsalimie mkaguzi na tusubiri ajibu. Tulimsalimia. Tulisubiri. Alijibu.

Mgonjwa wa Kitinda alikuwa mzee, zamani alikuwa dereva wa treni. Mguu umepona lakini yeye kakataa kuinuka, wiki kadhaa sasa. Ameugeuzia ukuta uso. Wauguzi walisema hata wanawe amewafukuza.

Kitinda akamsalimia, akasubiri. Mzee hakujibu. Kitinda akasubiri tu, kama alivyokuwa kwa mbwa, mpaka mzee akaitikia kwa mguno. Ndipo akakaa sakafuni kando ya kitanda. Mguu mmoja akaunyoosha, mwingine akaukunja.

Akakaa. Mkaguzi akatazama saa. Mimi nilitaka kupiga kelele, fanya kitu mwanangu, mwonyeshe. Nikamgeukia shemeji. Naye kwenye benchi alikuwa amekaa vivyo hivyo, mguu huu hivi na huu vile, ametulia kama yuko kwake.

Mwishowe mzee akasema, akiwa bado ametazama ukuta, "Na wewe umekuja kuniambia niamke?"

"Nimekuja kukaa."

"Mimi leo sisimami."

"Sawa. Kesho."

Mzee akageuka amwone anayesema hivyo. Na ili amwone vizuri pale sakafuni, ikambidi aketi, na ili aketi sawasawa, akateremsha miguu.

Kitinda akainuka. Akashika kiuno. Jamani, nilijua kinachokuja, nikaweka mtandio mdomoni.

"Jamani, mmeona?" Sauti yangu ikaenea wodi nzima. "Huyu mzee ameteremsha miguu mwenyewe. Hakuna aliyemshika. Yote miwili."

Wodi ikaamka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Si kitu, hata mimi jana niliteremsha."

"Wewe ulishikwa na wauguzi wawili," mzee akamjibu. "Nilikuona." Akakamata chuma cha kitanda, akauma meno, akasimama. Alisimama muda wa mtu kuvuta pumzi mara chache, akakaa tena, jasho linamtoka.

"Amesimama," Kitinda akatangaza. "Na amekaa mwenyewe bila kuanguka." Hakuongeza kitu.

Mkaguzi akamsogelea. "Unaweza kumtembeza mpaka mlangoni?"

"Sijui. Bado sijajaribu."

Akaandika. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote. "Taarifa ya hitilafu inasema huyu hufanya asiyoyaweza kwa sababu wewe umesema anaweza. Niambie wewe, mama. Anaweza nini?"

Kitinda akanitazama. Taa zote mbili.

Niseme kweli, maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Anaweza kumkimbiza huyu mzee mpaka stesheni. Anaweza kuifundisha hospitali nzima, na nyinyi wa Kituo mkae kwenye viti mwandike. Nilisikia mdomo unafunguka wenyewe. Nikajua pia kwamba chochote nitakachosema, atakiamini, na kesho atakwenda kukifanya kwa mwili wa mtu.

Nikasema, "Anaweza kuweka kifungo kisitoke. Anaweza kukaa na mtu. Akiona jambo dogo umelifanya mwenyewe, anaweza kulisema watu wasikie. Kutembeza watu hajafundishwa. Mfundisheni."

Nilijiona mfupi kuliko siku zote.

Mkaguzi alifunga kalamu yake. "Taarifa naiondoa. Hafutwi. Atabaki kwako mpaka mvua ziishe, kisha tutamchukua tumfundishe kutembeza." Kisha akauliza, "Sauti ile kaitoa wapi?" Wodi nzima ikanitazama. Nilikuwa nimesimama, mkono kiunoni, wala sikumbuki niliuweka saa ngapi.

Shemeji alilia njiani. Mimi sikulia mpaka nilipofika kwa mama mkwe.

Aprili 20

Harusi ya yule binti. Gauni fupi, linafungwa ubavuni. Limempendeza. Limempendeza kuliko… hapana. Limempendeza.

Mei 6

Mvua nyepesi. Kitinda amekata suruali ya kwanza. Ina kushoto na kulia.

Mei 19

Jua. Wamekuja kumchukua. Sanduku la mbao hakuliingia, alitembea kwenda garini akamsalimia dereva. Wote tulisubiri pamoja naye mpaka dereva akajibu. Mama mkwe alishuka ngazi bila ukuta ili amuage. Shemeji alisema atakwenda kumtembelea kesho, na nyumba nzima ilimwamini.

Mei 20

Alikwenda kweli.

Juni 4

Sanduku nimeweka vitambaa vya wateja ndani yake. Kituo wamesema shajara hii nibaki nayo. Naandika ya mwisho.

Leo aliingia karakanani muuguzi mmoja kijana, na koti lake la kazi limetatuka bega. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akazungusha macho. "Wewe ndiye mama wa Kitinda?"

"Ndimi."

"Basi umekuwa maarufu kwetu. Anakusifu kila siku, wagonjwa wote wanakujua."

Nikajiweka sawa. Nikawaza atakuwa amewaambia nini. Lile gauni la harusi nililoliokoa. Uhodari wangu. Kwamba Kituo kilichagua nyumba yangu katika mtaa mzima. Nikamuuliza, kama vile sijali, "Kwani anasemaje?"

"Anasema mama yake, kabla hajaweka pasi kwenye nguo ya mtu, anaijaribu kwanza kwenye nguo yake. Mgonjwa mgeni akija anaogopa, ndilo jambo la kwanza Kitinda analomwambia. Kisha anakanyaga yeye kwanza, anaegemea chuma yeye kwanza, kuona kama kinashika. Yule mzee dereva wa treni ametembea mpaka mlangoni kwa mtindo huo." Akainama kidogo, akaona haya. "Wagonjwa wameniagiza. Wanataka kujua kama ni kweli kwamba alama zipo."

Nilikuwa nyuma ya meza. Nimesimama nyuma ya meza hiyo miaka mingi, mtu akija na kamera, mkwe akija, mgeni yeyote.

Nikaizunguka. Nikasimama katikati ya chumba, kwenye mwanga wa mlango, nikashika pindo nikaliinua kidogo aone vizuri, zile za zamani na ile ya Aprili 11, ya kitambaa cha bluu.

"Kawaambie zipo," nikasema. "Kawaambie ni nyingi."

Zilikuwa nyingi kweli.